Mteremko wa Nyangate

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi. Naandika hivyo kwanza, ili kesho nikiamka nisidhani niliota.

Msimamizi wa magari kiwandani anaitwa Anyona. Viatu vyake vinang'aa hata uani kwenye vumbi la majani chai. Aliigeuza leseni yangu mbele na nyuma kama mtu anayetafuta kosa.

"Umeendesha wapi?"

"Kaskazini, karibu na North Horr. Miaka minne. Lori la maji, kwenye mchanga."

"Hapa hakuna mchanga, Bonareri."

"Najua. Hapa ni kwetu."

Akanipa funguo za lori la kijani, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, fobaifo kama watu wanavyoliita. Madereva waliokuwa wamekaa kivulini walitazamana, mmoja akacheka. Nilielewa sababu. Anayepewa fobaifo anapewa pia njia ya Gesima juu, na kwenye njia hiyo kuna mteremko wa Nyangate: udongo mwekundu mtupu kutoka barabara kuu hadi kituo cha majani kilicho kileleni. Boma la mzee Nyangate liko katikati yake, kwenye kona, ndiyo maana ya jina. Mimi nimezaliwa juu ya kilima hicho. Nimeupanda na kuushuka kwa miguu nikienda shule. Kwa gari, bado.

Mama aliposikia aliuliza jambo moja tu. "Na Sabato utaendesha?"

Nikamwambia kiwanda hakichukui majani ya upande wetu Jumamosi. Akaendelea kuchambua mboga zake za chinsaga.

Jumanne, 5 Machi

Jua. Safari mbili. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 13 Machi

Mvua za masika zimeanza leo mchana, zimeshuka kama mtu aliyemwaga karai.

Ninasindikizwa na Mzee Oyoo. Ni mtu wa Homa Bay, ndiye aliyeliendesha lori hili tangu likiwa jipya, mpaka mgongo ukakataa wakamhamishia gereji. Haongei sana. Leo kabla ya kupanda alimwambia Omosa, utingo wetu, apakie mawe nyuma.

"Mawe ya nini, Mzee? Tunaenda kuchukua mzigo, hatupeleki."

"Gari tupu inacheza," alisema. "Weka mawe."

Niliona anapoteza dizeli bure. Kule kaskazini, ukilikabili tuta la mchanga, unalipunguzia lori uzito na matairi unayapunguza upepo mpaka yalale kama chapati. Unalenga kilele, unakanyaga mafuta na huachi. Ukisita umezama hadi ekseli, na siku yako imekwisha kwa koleo. Mwendo ndio kila kitu. Nimepanda matuta yaliyo marefu kuliko kanisa letu, na mara ya mwisho kukwama nilikuwa bado nina nywele ndefu.

Nilimwambia haya Mzee Oyoo. Alitazama nje dirishani akasema, "Mm."

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Safari moja. Mawe tena.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimeaibika.

Mzee Oyoo hakuja, mgongo umemlaza. Nilifika chini ya mteremko na Omosa saa nane mchana, barabara inameremeta kama imepakwa mafuta. Omosa ni mtu wa Marani, mtu mzima mwenye wajukuu, hana haraka na jambo lolote. Alisema, "Nianze na mawe?" Nikasema hapana, leo tutapanda kwa mwendo.

Tulipanda kwa mwendo. Kwa nusu ya kilima nilikuwa malkia. Kisha tukafika kwenye kona, nikakata usukani, na lori likaendelea mbele kana kwamba sikukata chochote. Lilikwenda taratibu, kwa adabu kabisa, likavuka ukingo na kuingia kwenye ndizi za mzee Nyangate, likalala ubavu mmoja kwenye migomba.

Mzee mwenyewe alitoka na gumboti mguu mmoja, kandambili mguu wa pili.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa marehemu Ochoki, Mzee. Nisamehe."

"Ochoki alikuwa mtu wa heshima. Hajawahi kulala kwenye ndizi zangu." Akahesabu migomba iliyovunjika kwa sauti, mmoja mmoja, akimwelekeza Omosa kama shahidi. "Huyu alikuwa anazaa Mei. Huyu alikuwa anazaa Mei. Huyu nilipewa na dada yangu."

Trekta la kiwanda lilituvuta jioni. Huko juu watu walikuwa wamekaa na magunia yao tangu asubuhi. Majani ya chai yakirundikwa usiku yanapata joto, yanageuka meusi, na asubuhi hayafai. Ya Mama yalikuwamo. Hakunilaumu. Aliyamwaga shimoni nyuma ya zizi, akarudi ndani.

Jumatatu, 25 Machi

Nyangate amempigia Anyona simu, na si mara moja.

Anyona hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Gari ikitoka tena barabarani kwenye huo mlima, ninafunga kituo cha juu. Watu wabebe majani mpaka barabara kuu wenyewe. Nimesema hivyo kwa wakubwa na wamekubali."

Nilimwona Mama moyoni mwangu na gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akishuka ule utelezi kila siku ya kuchuma. Ana miaka sitini na sita. Na wengine juu kule ni wazee kumshinda.

Namchukia huyu mtu. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nilikwenda gereji nikamkuta Mzee Oyoo amelala chini kwenye gunia, miguu ameiinua juu ya tairi.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Nilikuwa nangoja useme," akajibu, bila kuinuka, akiniita binti yake kwa Kijaluo. "Nyara, mchanga ukishuka chini ya gurudumu, unashuka unakaa. Hii udongo ikishuka, inakubeba. Kesho tunaanza upya. Kwanza utapanda kwa miguu."

Jumanne, 26 Machi

Nimepanda kwa miguu mara nne, Mzee Oyoo ameketi chini kwenye jiwe akiniuliza kwa simu. Wapi maji yanakatiza? Wapi udongo ni mweusi? Wapi kuna kokoto chini ya tope? Nimejifunza mambo ambayo sikuyajua katika miaka yote ya kuitembea njia hii.

Jumatano, 27 Machi

Minyororo kwenye matairi. Mawe nyuma. Gia ya chini kabisa, mguu uko mahali pamoja, mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Tumefika juu. Mwili wote umeloa jasho.

Jumatatu, 1 Aprili

Pasaka. Kiwanda kimefungwa. Mvua haikufungwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Safari mbili. Nyangate alisimama ukingoni kulinda migomba iliyobaki, mikono kiunoni, mpaka nikapita. Nilimsalimu. Hakuitikia.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeshuka na mzigo kamili, mvua ikinipiga kioo. Kushuka ndiko kwenye kazi. Kuna hatua moja chini ya kona ambapo sehemu ya nyuma ya lori hutaka kukupita na kutangulia mbele. Mguu unalilia breki. Ukiigusa, umekwisha. Unatakiwa kuongeza mafuta kidogo, kidogo tu, ili magurudumu ya mbele yakuvute unyooke.

Hilo nililijua tayari! Kwenye uso wa tuta la mchanga ni vile vile: unashuka moja kwa moja, hushuki kwa ubavu, na ukianza kuteleza unaongeza mafuta badala ya kupunguza. Nilimwambia Mzee Oyoo, nikihofu ataguna tena.

"Basi si kila kitu uliacha huko," alisema. Na leo hakushika mpini wa mlango hata mara moja. Tulipofika chini alisema wiki ijayo niende na Omosa pekee.

Ijumaa, 12 Aprili

Safari mbili. Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Safari moja. Mvua. Omosa anasema kwao Marani choo cha jirani kimeingia ardhini chote.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimefanya jambo gumu kuliko kupanda.

Tulipanda vizuri, tukapakia majani yote ya kituo, magunia hadi juu ya vyuma. Kabla ya kushuka nilitembea kwa miguu kama ilivyo kawaida yangu sasa. Juu kidogo ya boma la Nyangate kulikuwa na ufa katikati ya barabara. Asubuhi haukuwepo. Niliingiza mkono, ukazama hadi kiwiko, na huko ndani nikasikia maji yakienda.

Nikarudi nikawaambia watu sishuki.

Kwanza walidhani natania. Kisha walianza kusema wote kwa pamoja. Majani ya siku mbili. Mvua yote ile waliyochumia. Mwenyekiti wa kituo alisema, "Mzee Oyoo angeshuka." Mwanamke mmoja ninayemheshimu, tuliyeimba naye kwaya, alisema, "Si tulisema? Imemshinda." Omosa alikaa kwenye ngazi ya lori, hakuhama pale.

Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama nyuma ya wengine amejifunika gunia la plastiki kichwani.

"Umeona nini?" akauliza.

"Barabara iko tupu chini yake."

"Una uhakika?"

"Sina uhakika. Lakini sishuki."

Akageuka akaenda nyumbani. Sijui maana yake ilikuwa nini. Nimempigia Anyona nikamwambia lori litalala juu. Alisema, "Sawa," akakata. Nilitegemea matusi.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua kutwa. Barabara bado ipo. Watu wanapita juu ya ufa na miavuli, wananitazama. Vijana wawili waliruka-ruka juu yake mbele yangu, kunionyesha. Magunia yananuka.

Mama amepika, amekula, amelala. Hatujaongea.

Jumapili, 21 Aprili

Nitaandika polepole.

Jana, Sabato, tulikuwa kanisani huku juu, somo la asubuhi limefika katikati, tukasikia mngurumo ambao sote tulidhani ni radi. Haukuisha. Tulipotoka nje, mteremko wa Nyangate haukuwepo. Kutoka penye ufa kwenda chini ilikuwa udongo mtupu unaotembea, mwekundu, na migomba imesimama ndani yake ikienda nao. Barabara ilikuwa imekatika kando ya nyumba ya Nyangate. Nyumba ilibaki. Zizi liliondoka.

Yeye ni Mkatoliki, alikuwa zizini anakamua. Vijana walimkuta udongo umemfika kifuani, ng'ombe amekufa kando yake. Walimchimbua wakamleta juu amelazwa kwenye mlango wa jikoni walioung'oa, maana chini hakuna mtu angeweza kupita. Ardhi ilikuwa bado inameguka. Mguu wa kulia chini ya goti ulikuwa umevunjika na mfupa umetokeza. Muuguzi mstaafu anayeishi jirani yetu aliufunga kwa mbao na leso. Akanivuta kando. "Damu nimeipunguza, sijaizuia. Hawezi kungoja kesho."

Tukazunguka kilima kwa macho. Upande wa pili, nyuma ya shamba letu, kuna njia ya ng'ombe inayoshuka mpaka kijito, na ng'ambo ya kijito kuna barabara ya changarawe ya kwenda Keroka. Kwa miguu ni karibu. Lakini kivuko cha magogo kilikuwa kimechukuliwa, maji yakimfika mtu kifuani na yakikimbia. Watu wanane wenye machela wasingesimama mle hata kidogo.

Lori lingesimama.

Nilishuka njia ile kwa miguu na Omosa. Ni mwinuko mtupu, unashuka kama uso wa tuta la mchanga, ila hapa ni nyasi na udongo. Chini ya nyasi palikuwa pagumu, mizizi imeshika. Tatizo lilikuwa juu. Njia ya ng'ombe inapita upana wa ng'ombe, na pande zote mbili ni chai yetu.

Nilimpigia Anyona.

"Usiguse hiyo gari," alisema. "Bonareri, unasikia? Nitaita watu wa kaunti, walete tingatinga."

"Lini?"

"Barabara ikipitika."

"Mtu anakufa, Bwana Anyona."

"Mimi nilikuwa kwenye lori la kiwanda lililoanguka Mlimani," akasema, sauti si yake. "Nilikuwa nimekaa mbele. Wapakiaji walikuwa nyuma. Sitaki kuambiwa tena nipeleke habari kwa wake za watu."

Nikasimama pale mvuani na simu sikioni, na chuki yangu yote ya Machi ikakosa mahali pa kukaa. Nilimwambia, "Nyuma sitampakia mtu yeyote. Nitakuwa mimi, Omosa na mgonjwa. Tafadhali njoo na Mzee Oyoo ng'ambo ya kijito, mlete kamba ndefu." Nikakata kabla hajakataa.

Niliporudi juu, watu walikuwa wamekusanyika pembeni ya shamba letu na majembe, lakini hakuna aliyeanza. Ilikuwa Sabato. Na chai ni chai. Ile michai baba aliipanda na Mama mwaka niliozaliwa. Hakuna mtu atakayeingia kwenye chai ya mwenzake na jembe.

Mama alikuwa bado na nguo yake nyeupe ya ushemasi. Alivua viatu akaviweka juu ya jiwe. Akachukua jembe mkononi mwa mtu, akaenda kwenye mstari wa kwanza, akapiga chini ya shina. Halikutoka. Akapiga tena. Shina la umri wangu. Lilipong'oka alilivuta kwa mikono miwili akalitupa kando, akasema kwa Ekegusii, bila kugeuka, "Mnangoja jua lizame?"

Basi wakaingia wote. Mwanamke wa kwaya. Mwenyekiti. Wale vijana waliorukia ufa. Nilipita katikati yao nikipima upana kwa fimbo, na hakuna aliyeniuliza kama nina uhakika.

Tulimweka Nyangate mbele, mgongo mlangoni, mguu umelala kitini juu ya gunia la majani. Majani yale meusi tuliyaacha nyuma, yawe uzito. Omosa alikaa kati yake na mimi akiushika mguu. Nilipunguza upepo wa matairi kidogo, nikafunga minyororo, nikaingiza gia ya chini, nikafunga difu ili magurudumu yote yazunguke pamoja. Watu walisogea pembeni. Mtu alianza wimbo. Sikuusikia vizuri, injini ilikuwa juu.

Katika chai tulipita mashina yakikwaruza milango pande zote. Kisha kilima kikaisha mbele ya kioo, nikaona anga tu, kama unavyoona ukifika ukingo wa tuta. Pale ndipo moyo husema geuza. Nikalinyoosha lori sawasawa, nikaliachilia pua.

Lilianza kwenda lenyewe. Nilitoa mguu kwenye breki nikauweka sakafuni mbali ili usidanganyike. Injini ilinguruma ikitushikilia. Katikati, upande wa nyuma uliondoka kwenda kushoto. Omosa alisema, "Bonareri." Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina. Niliongeza mafuta kidogo. Halikutaka. Nikaongeza tena, na magurudumu ya mbele yakauma mizizi, tukanyooka.

"Polepole!" akapiga kelele Nyangate. "Umemaliza ndizi zangu, sasa unataka kunimaliza mimi?"

"Mzee, nyamaza kidogo," Omosa akamwambia.

"Ninyamaze kwa nini? Huu mguu ni wa nani?"

Sijawahi kufurahi kusikia mtu akigomba namna ile. Mtu anayegomba hajafa.

Tulisimama ukingoni mwa maji. Ng'ambo niliona gari la gereji, Mzee Oyoo ameegemea fimbo, na Anyona kwenye koti la mvua. Mzee alinipigia simu. Nitoe mkanda wa feni, isije ikarusha maji kwenye injini. Nifunge turubai mbele. Nisibadilishe gia ndani. Nisipigane na mkondo, niufuate kidogo, nitoke kwenye ule mchanga ulio chini ya mti uliopinda.

"Ni mchanga?" nikauliza.

"Mchanga mpya, mto umeleta. Laini. Hiyo mimi siijui, nyara. Hiyo ni yako."

Omosa alijifunga kamba kiunoni akaingia na fimbo kupima. Hatua chache, maji yakamzoa miguu. Nikamvuta. Na ng'ambo nikaona Anyona akivua koti, akivua vile viatu, akikunja suruali. Alijifunga kamba, Mzee Oyoo na mafundi wakaishika, akaingia. Maji yalimfika kifuani. Alifika katikati, akapiga mkondo kwa fimbo kulia na kushoto, akainua mkono: hapa. Akasimama palepale anatetemeka, alama yangu, mpaka nilipoanza kuja. Ndipo wakamvuta.

Maji yaliingia mlangoni. Nyangate alianza Salamu Maria. Nilisikia mawe yakibingirika chini yetu, na lori zima likisukumwa, kidogo kidogo, kwenda chini. Sikuongeza, sikupunguza. Kisha magurudumu ya mbele yakagusa kitu laini nikakitambua kwa mwili, kama unavyotambua sauti ya mtu gizani. Mchanga. Ule unaonyonya. Sasa ndipo mwendo. Nikakanyaga hadi chini. Lori likainua pua, likazama, likachimba, likapanda, likatoka na maji yakimwagika kila tundu, na sikuachia mpaka nilipokuwa juu ya changarawe.

Nilizima. Anyona alikuja dirishani miguu mitupu, midomo imekuwa ya buluu.

"Mpeleke," akasema. "Mimi nitafuata nyuma."

Jumatatu, 22 Aprili

Nyangate amefanyiwa upasuaji Kisii. Mguu utabaki. Nilikwenda kumwona na uji. Aliniuliza nani anaangalia mgomba wa dada yake.

Ijumaa, 26 Aprili

Mama ameanza kupanda marando ya viazi vitamu pembezoni mwa ile njia mpya, pale penye chai iliyong'olewa. Nilimwambia pole kwa chai ya baba. Alisema, "Alipenda kupanda. Kung'oa ilikuwa kazi yangu siku zote." Kisha akacheka, na mimi nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi.

Alhamisi, 2 Mei

Tajiri wangu wa zamani amepiga simu kutoka kaskazini. Ana lori jipya, na dereva wake amemkimbia. Nilisimama nikiyawaza yale matuta asubuhi, yakiwa na rangi ya asali na hakuna alama ya tairi hata moja. Nimeyapenda. Nilimwambia hapana. Akauliza huku kuna nini. Nikasema kuna mvua.

Jumatano, 8 Mei

Wakubwa wa kiwanda wanataka kufunga kituo cha juu moja kwa moja. Anyona ameniambia mwenyewe, na ameniambia pia kwamba amewapinga. "Nimesema waje waone kwanza," alisema. "Tutawaletea barabara ya kuona?"

"Tutawaletea."

Jumapili hadi Jumapili, Mei

Sijaandika. Tumechimba. Kila nyumba imetoa mtu, hata nyumba ambazo hazina chai. Mawe tumeyapanga kijitoni mpaka lori linavuka maji yakifika nusu ya gurudumu. Tumekata mifereji. Mzee Oyoo amekuja mara mbili, ameketi kwenye kiti cha plastiki akiwanyooshea watu fimbo, na wote wanamtii.

Jumanne, 21 Mei

Wakubwa walikuja watatu kwa gari zuri, wakaliacha kwenye changarawe. Mkubwa wao anaitwa Bwana Thadeus, mtu mpole, mnene, mwenye kofia. Nikawapandisha mbele na Anyona. Kupanda walizungumza. Juu walisalimu watu, walitazama mizani, walitazama magunia yakipakiwa. Mwenyekiti alitoa hotuba. Mama hakutoa hotuba. Alimshika Bwana Thadeus mkono akampeleka ukingoni akamwonyesha mahali ambapo angekuwa anashuka na gunia.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imeanza. Bwana Thadeus aliutazama ule mshuko, akanitazama.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo," nikasema. "Ni ya miguu."

Akapanda. Anga ilipojaa kioo, alishika goti la Anyona, na Anyona akamwacha alishike. Nilinyoosha pua, nikashusha mzigo mzima taratibu, kilo kwa kilo, na nyuma haikusogea hata upana wa kidole. Kijitoni alifumba macho. Ng'ambo aliyafumbua, akashuka, akasimama kidogo ameshika mlango.

"Kituo kibaki," alimwambia Anyona. Kisha kwangu: "Lakini mama, mimi huku sirudi."

Jumatano, 22 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimepanda, nimeshuka. Nimepanda tena.